Akina Baba Nao Wapimwe

Kwa miaka mingi, katika vijiji vya ukanda wa dhahabu na katika visiwa vya Ziwa Viktoria, ndoa isipojaliwa mtoto hukumu hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Mke huitwa tasa, mume hushauriwa na wazee kuoa mwingine, na mambo huishia hapo. Sisi tunasema kwamba hukumu ya namna hiyo si ya haki, na tena haina msingi katika elimu ya tiba. Tunasema pia kwamba Serikali inao uwezo wa kuikomesha kwa gharama ambayo si kubwa, ikiwa wakuu wanaohusika watalipa jambo hili uzito unaostahili.

Tuchukue mfano wa Segese, katika Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama. Eneo hilo limo ndani ya ukanda wa dhahabu unaokwenda hadi Geita, na kama ilivyo katika sehemu zote za machimbo, wanaume huja huko kutoka pande nyingi. Miongoni mwao wamo wenzetu wa visiwani, kutoka Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, ambao samaki wanapoadimika huacha nyavu na kushika sururu, kisha dhahabu inapowakataa hurudi majini. Huko nyuma wake zao hubaki na mashamba, watoto wa ndugu na maneno ya majirani. Mume huonekana nyumbani siku chache kwa mwaka, lakini mwaka unapokwisha bila mimba, anayeulizwa ni mke. Hakuna anayehesabu siku ambazo mume alikuwapo.

Katika usukumani, ambako mahari hulipwa kwa ng'ombe, jambo hili huwa zito zaidi. Ukoo wa mume huhesabu kwamba ng'ombe wale walitolewa kwa ajili ya watoto, na watoto wasipopatikana hudai mali yao irudi. Mke hurudishwa kwa baba yake kama bidhaa yenye kasoro. Kabla ya kufika hapo huwa amekwisha kupitishwa kwa waganga watatu au wanne, na kila mmoja wao humtafuta mwenye kosa. Mara nyingi anayetajwa ni mwanamke mwingine, mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Mikoa ya Shinyanga na Mwanza imebeba kwa muda mrefu aibu ya mauaji ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi, na kila mkasa usioelezwa na utaalamu, ukiwamo ugumba, huongeza kuni katika moto huo. Kwa hiyo suala hili haliishii katika chumba cha mke na mume. Ni suala la haki, na wakati mwingine ni suala la uhai.

Yafaa tukumbushe kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ilipoorodhesha mambo yanayoweza kuionyesha mahakama kuwa ndoa imevunjika, haikuutaja utasa. Iliutaja ugoni, ukatili, kutelekeza na mengineyo. Waliotunga sheria hiyo hawakuona kwamba kukosa mtoto ni kosa ambalo mtu anaweza kumfanyia mwenziwe. Mabaraza ya kata na wazee wa koo wangefanya vema kulizingatia hilo.

Sasa tuingie katika utaalamu wenyewe. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika kila watu 6 duniani, mmoja hupatwa na tatizo la kutopata mtoto katika kipindi fulani cha maisha yake, na kwamba nchi maskini na nchi tajiri hazikutofautiana sana. Waganga wa uzazi nao wamekwisha kukubaliana kuwa katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, upande wa mume unayo sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Maana yake ni kwamba anayemlaumu mke bila kupima anabahatisha tu, na kubahatisha kwake kunamgharimu mtu mwingine ndoa yake.

Wapo wanaume watakaosema: mimi ni mzima, nina nguvu zangu, tatizo haliwezi kuwa kwangu. Hoja hii ndiyo iliyotufanya tuandike juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wataliona liko mbali nasi, nalo ni utafiti unaofanywa kwa protini za mbegu za kiume. Utafiti huo umeivunja hoja hiyo kabisa, na tunaomba msomaji atuvumilie tunapoueleza.

Protini ni vitu vidogo mno vinavyoujenga mwili na kuufanyisha kazi. Juu ya kila mbegu ya kiume kuna protini za aina nyingi, na baadhi yake kazi yake ni kuiwezesha mbegu kulitambua yai na kuungana nalo. Kwa kuwa protini hizo ni chache mno katika kila mbegu, wataalamu hawawezi kuzichota kwa wingi kutoka mwilini. Hivyo hufanya hivi: huchukua jeni ya binadamu, yaani yale maagizo ya urithi yanayoueleza mwili jinsi ya kutengeneza protini fulani, wakayapandikiza ndani ya bakteria, au hamira, au seli zinazooteshwa katika chupa. Seli hizo huyatii maagizo na kuitengeneza protini hiyo ya binadamu kwa wingi. Kisha husafishwa, hugandishwa na kuhifadhiwa kwa matumizi ya maabara.

Njia hii si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Insulini ya wagonjwa wa kisukari iliyotengenezwa kwa njia hiyo iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1982. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo watoto wetu huchanjwa, hutokana na protini inayotengenezwa na hamira. Chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchi yetu iliianza kwa nchi nzima mwaka 2018, nayo ni ya ukoo huohuo. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya protini ya mbegu ya kiume iliyotengenezwa maabara, hatuzungumzi juu ya muujiza wala juu ya uchawi wa Wazungu.

Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Osaka nchini Japani, wakiongozwa na Masaru Okabe, walitangaza kwamba wameigundua protini moja ya mbegu wakaipa jina Izumo, kwa heshima ya hekalu la Kijapani ambalo watu huliendea kwa mambo ya ndoa. Waliwazalisha panya dume wasio na protini hiyo. Panya hao walikuwa na afya njema, walipanda majike kama kawaida, na mbegu zao zilipotazamwa kwa hadubini zilikuwa nyingi na ziliogelea vizuri. Zilifika hadi kwenye yai na kulipenya ganda lake, lakini zilishindwa kuungana nalo. Panya hao walikuwa wagumba. Mbegu hizohizo zilipoingizwa ndani ya yai kwa sindano, watoto wa panya walizaliwa. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja tu, kisichoonekana kwa macho wala kwa hadubini.

Miaka 9 baadaye, yaani mwaka 2014, kikundi cha Gavin Wright huko Uingereza kiliitengeneza Izumo katika maabara na kuitumia kama mvuvi anavyotumia chambo. Waliitumbukiza ili waone ni kitu gani katika yai kitakachoikamata. Kilichoikamata kilikuwa protini ya yai, nao wakaiita Juno. Walipowachunguza panya jike wasio na Juno, wao pia walikuwa wagumba. Mwaka 2016 wataalamu waliweza kuonyesha umbo la protini hizo mbili za binadamu zikiwa zimeshikana, na mwaka 2024 ikaelezwa kwamba Izumo hufanya kazi yake ikiwa pamoja na protini nyingine mbili za mbegu.

Katika habari hizi tunaona funzo ambalo mkulima wa Segese na mvuvi wa Ukara wanaweza kulielewa bila taabu. Nguvu za kiume ni jambo moja na uwezo wa kuzalisha ni jambo jingine. Mwanamume anaweza kuwa na la kwanza kwa ukamilifu na akalikosa la pili, bila ya kosa lake na bila ya dalili yoyote. Vivyo hivyo kwa mwanamke. Yai lina sehemu yake na mbegu ina sehemu yake, na wahenga walikwisha kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Sisi tunaongeza kwamba wala haumtungi.

Hapa hatuna budi kutoa onyo. Protini hizi za maabara ni vyombo vya utafiti. Si dawa, hazinywewi, hazidungwi kwa mgonjwa, na haziongezi mbegu wala nguvu. Tunasema hivyo kwa sababu katika minada na stendi za mabasi hawakosekani watu wanaouza unga na chupa za kila namna kwa jina la kuwaponya akina baba. Tusingependa kusikia kesho kwamba mmoja wao amelidaka neno protini akalibandika kwenye kopo lake.

Wapo pia watakaouliza kama utaalamu huu hauwezi kugeuzwa kuwa wa kufunga vizazi. Swali hilo ni halali na lisidharauliwe. Ni kweli kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Marekani na India walieleza jinsi walivyowachanja nyani dume kwa protini ya binadamu iitwayo Eppin, ambayo hupatikana juu ya mbegu. Kati ya nyani 9 waliopata kinga kali, 7 hawakuweza kuzalisha, na 5 kati ya hao 7 walirudiwa na uwezo wao chanjo ilipoachwa. Kusudi lilikuwa kutafuta njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, nalo lilichapishwa waziwazi kwa kila mtu kusoma. Hakuna chanjo ya namna hiyo inayotolewa kwa wananchi. Lakini tumekwisha kuona katika Afrika Mashariki jinsi uvumi unavyoweza kuenea, kama ilivyotokea Kenya mwaka 2014 katika mzozo wa chanjo ya pepopunda. Tiba ya uvumi ni maelezo yanayotolewa mapema, kwa lugha ya watu, na mtu anayejulikana. Kila utafiti unaowagusa watu wa visiwani au wa machimboni na uanze kwa ridhaa yao, na umalizike kwa wao kurudishiwa matokeo.

Baada ya kusema hayo, tunafika penye dai letu. Hatuiombi Serikali ijenge maabara za kutengeneza Izumo wilayani. Tunaiomba jambo dogo zaidi ambalo linatangulia hayo yote, nalo ni kipimo cha kawaida cha mbegu za kiume. Kipimo hicho kinahitaji hadubini, chombo cha kuhesabia, na fundi wa maabara aliyefunzwa. Hadubini ni chombo ambacho hutumika kila siku kutafuta vijidudu vya malaria. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kwanza wa kipimo hiki mwaka 1980, na toleo la 6 lilitoka mwaka 2021. Kazi yenyewe si siri wala si ya anasa.

Liko jambo moja katika mwongozo huo ambalo wakuu wa mikoa yetu wanapaswa kulikumbuka. Sampuli hupasa kuanza kuchunguzwa ndani ya dakika 30, au ikichelewa sana, ndani ya saa moja tangu kutolewa, maana baada ya hapo mbegu huanza kudhoofika na majibu huweza kuwa ya uongo. Sasa, meli kutoka Nansio hadi Mwanza huchukua kiasi cha saa 3. Mtu wa Ukara huanza kwa kuvuka kwanza hadi Ukerewe. Mtu wa Segese akitoa sampuli kijijini na kuipeleka mjini Shinyanga, saa hiyo moja itakwisha akiwa bado njiani. Damu na makohozi vyaweza kufungwa na kusafirishwa, lakini sampuli hii haingoji meli. Kwa hiyo kumwambia mtu wa kisiwani kwamba huduma ipo mkoani ni sawa na kumwambia kwamba haipo, isipokuwa awe na nauli, mahali pa kulala, na siku kadhaa za kuacha kazi. Kipimo hiki lazima kiwe katika hospitali za wilaya, na katika vituo vya afya vikubwa vya visiwani, au kisihesabiwe kuwa kipo.

Tutaambiwa kwamba kupima bila kutibu hakuna faida. Hatukubaliani. Kwanza, kumwondolea mke lawama isiyo yake ni faida peke yake. Pili, sababu nyingi za ugumba katika sehemu zetu huzuilika. Kisonono na klamidia zisipotibiwa mapema huziba njia za uzazi za mke na za mume, na sehemu za machimbo na mialo ya wavuvi zinajulikana kwa maradhi hayo. Mkoa wa Mwanza ulikwisha kuifundisha dunia katika jambo hili. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya mkoa huo na kutangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba pale zahanati za kawaida zilipopewa dawa na mafunzo ya kutibu magonjwa ya zinaa, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Waliofanya kazi hiyo walikuwa waganga wa zahanati, wala haikuhitaji hospitali za ghorofa.

Liko pia suala la kichocho. Kichocho cha mkojo, ambacho kiko kwa wingi katika madimbwi na majaruba ya Shinyanga, hutaga mayai yanayokwama hata katika viungo vya uzazi, vya kike na vya kiume. Dawa yake ipo, na wanafunzi wetu huipata shuleni. Lakini mchimbaji na mkulima wa mpunga hawako shuleni, na mara nyingi mpango huo huwapita. Mwisho iko zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga wa dhahabu na kuichoma, wakati mwingine karibu na jiko la nyumbani. Madhara yake kwa ubongo na kwa mtoto aliye tumboni yanafahamika, na katika wanyama wa maabara imeonekana kuzidhuru mbegu za kiume pia. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Tungependa kuona mkataba huo ukifika hadi kwenye makarai ya Msalala na Geita.

Huenda afisa fulani atasema kwamba nchi ina watoto wengi, na kwamba ugumba si adui wa kushughulikiwa sasa. Tunamjibu kwamba wingi wa watoto wa jirani haumfuti machozi asiye na wake, na kwamba mpango wa uzazi wenye maana ni ule unaomsaidia mtu kupata mtoto anapomtaka, kama unavyomsaidia kuahirisha asipomtaka. Isitoshe, wanaume wengi huoa mke wa pili na wa tatu kwa kutafuta mtoto, na kila ndoa mpya ni mlango mwingine wa maradhi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, iwe ni utaratibu katika kila kituo cha afya kwamba mke anayekuja kwa tatizo la kutopata mtoto aombwe kuja na mumewe, na wapimwe wote wawili kwa pamoja. Pili, Halmashauri za Ukerewe, Sengerema, Buchosa, Geita na Msalala zitenge fedha kwa ajili ya kipimo hiki na mafunzo ya mafundi wake. Tatu, dawa ya kichocho na tiba ya magonjwa ya zinaa zipelekwe mialoni na machimboni, ambako watu wazima wapo. Nne, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa mjini Mwanza, pamoja na Hospitali ya Bugando, wapewe nafasi ya kuchunguza ugumba wa wanaume wa sehemu hizi, ili utaalamu wa Osaka na wa Uingereza usibaki kuwa habari za kusoma tu.

Kwenu wenzetu wa visiwani, na kwenu mlioko Segese na machimbo yote, hasa akina baba, tunasema neno la mwisho. Kupimwa si kuvuliwa uanaume. Mvuvi asiyepata samaki hukagua nyavu zake kabla ya kuyalaani maji. Kabla hujadai ng'ombe wako, kabla hujatafuta mke mwingine, na kabla hujamsikiliza mganga anayemtaja bibi kizee wa jirani, nenda hospitali pamoja na mkeo. Ikiwa huduma haipo, mwulizeni diwani wenu kwa nini haipo, na muendelee kumwuliza mpaka ipatikane.